Naomba ushauri: boti ya skii iliyotumika, V8, iko Iringa, nataka kuishusha Matema. Sijawahi kumiliki boti

Mwana_Uyole:

Habari za saa hizi wakuu. Mimi niko Uyole hapa Mbeya, kazi yangu viazi na vigari viwili vitatu vya mizigo, kwa hiyo kitu chenye matairi hunidanganyi, ila majini sijawahi kumiliki hata mtumbwi. Sasa kuna jamaa Iringa mwenye shamba anauza boti yake ya skii, zile za kuvuta mtu majini kwa kamba, ya miaka ya 90, fiba, futi 19, injini iko katikati V8 ya 5.7 petroli, na trela lake juu. Alikuwa anaitumia bwawa la Mtera na watoto wake, watoto wamekua wameondoka, sasa imekaa tu bandani. Anataka milioni 24, nikamwambia 18 akacheka ila hakunifukuza.

Nia yangu wikendi tushuke nayo Matema, Ziwa Nyasa, na familia, na siku zingine nilikuwa nawaza wageni wa hotelini wakodi, wavutwe skii au wapelekwe Ikombe kuona vyungu vya Wakisi. Nimeenda nimeiona, akaiwasha pale pale bandani kwa mpira wa maji, ikaunguruma aisee hadi nikasisimka, moshi hakuna. Viti vimechanika kidogo, rangi iko poa. Nilienda na fundi wangu wa magari akasema hii ni injini ya Chevrolet tu haina shida.

Niangalie nini kabla sijatoa hela? Inakula kiasi gani? Na je hiyo V8 ikizingua naweza kuweka spea za gari? Wanaojua tafadhali, wale wa "nunua kiwanja" naomba mpite tu.

kijiwe_Mwanjelwa:

Nunua kiwanja mkuu.

Mnyalukolo:

Kamwene mkuu. Mimi wa Iringa na Mtera naijua vizuri, nimekaa kule miaka nikinunua samaki. Kitu cha kwanza kinachokusaidia ni kwamba boti ya Mtera haijaona chumvi. Boti iliyotoka Dar au Zanzibar hizi injini zinanyonya maji ya bahari yenyewe kujipoza, chumvi inakula manifoldi za ekzosi, yale mabomba ya moshi kwenye injini, kutoka ndani, nje unaona rangi safi kumbe ndani pamebaki karatasi. Kwa hiyo hapo umepona.

Ila Mtera ina ugonjwa wake. Ule ni mto Ruaha Mkuu uliozuiwa kwa ajili ya umeme, miti ilizama imesimama na visiki vingine viko mpaka leo, maji yakipungua kiangazi vinakaa shingo tu chini ya uso wa maji. Na boti ya skii yenye injini katikati, shafti inatoka chini ya tumbo inaenda kwenye propela, hainyanyuliwi kama injini ya nyuma. Kikigonga kisiki kimegonga kweli. Kwa hiyo lala chini ya trela, nasema lala kabisa na tochi, angalia propela kila panga lake kama limekunjwa au limechongwa na jiwe la kinoo kuficha, angalia ule mkono wa chuma unaoshika shafti kama kuna ufa pale unapoingia kwenye fiba, halafu zungusha propela kwa mkono taratibu ukiwa umeweka kidole au kipande cha waya karibu na shafti. Nafasi ikiwa inapanuka inapungua, shafti imepinda. Propela fundi mzuri anaweza kuinyoosha, shafti iliyopinda usijidanganye.

Na muulize aliitoa wapi kabla ya Mtera. Kama ilikuja kutoka Ulaya au Marekani kaskazini, kule baridi inagandisha maji, na mwenye boti akisahau kumwaga maji yaliyobaki kwenye injini, barafu inapasua bloku, yaani mwili wa injini. Watu wa Makete na Njombe wanaijua baridi ya mwezi wa saba. Mtu anaziba ufa kwa gundi ya chuma anapaka rangi, mzigo unapandishwa meli unakuja kwetu.

fundi_wa_Itungi:

Natengeneza injini za boti hapa Kyela, mashine za nje ndio nyingi lakini hizi za ndani nazo nimezishika. Fundi wako wa gari amesema nusu ya kweli. Bloku ndiyo, ni ya gari. Lakini usifunge stata, alteneta, wala kabureta ya gari kwenye boti ya injini ya ndani. Gari lina uwazi chini, petroli ikivuja mvuke unatoka. Boti imezibwa, mvuke wa petroli ni mzito unalala chini ya sakafu, na stata ya gari inarusha cheche. Za boti zimezibwa zisitoe cheche nje, ndiyo maana bei yake inauma. Kwa hiyo fungua kifuniko uangalie alichofunga, ukikuta alteneta ya gari jua huyo mtu alikuwa anaendesha bomu na familia yake juu. Na kwenye dashibodi kuna swichi ya feni ya kutoa mvuke, iwashe dakika 4 hivi kabla ya kugusa ufunguo, nusa kabisa kwa pua, kila siku, hata kama una haraka. Hakikisha inafanya kazi. Na kingine, baadhi ya injini hizi zinazunguka kinyume na za gari, kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote soma namba kwenye kibati.

Sasa kuiwasha kwa mpira wa maji bandani haikuambii kitu zaidi ya kwamba inawaka. Haina mzigo. Injini ya boti muda wote ni sawa na lori linapanda Kitonga, hakuna mteremko wa kupumzikia. Fanya hivi. Nenda asubuhi bila kumpa taarifa ya saa kamili, gusa bloku kwa mkono, kama ni ya moto ameshaipasha kuficha kitu. Chomoa kijiti cha oili, oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, funga mazungumzo rudi Uyole. Giaboksi nayo ina kijiti chake, oili yake nyekundu, ikigeuka pinki nzito kipozeo kimetoboka. Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya mitungi, yote 8, isipishane zaidi ya asilimia 10 hivi, fundi wako wa gari hiyo anaiweza.

Halafu mwende majini. Ukifungua yote, V8 nyingi za aina hiyo zinatakiwa zifike mizunguko 4,400 mpaka 4,800 kwa dakika, ila Mtera iko juu ya usawa wa bahari mita 700 hivi kwa hiyo nguvu inapungua kidogo, usimkatalie mtu kwa mizunguko mia mbili. Ziwa Nyasa liko chini zaidi, kama mita 475, litakufaa. Angalia geji ya joto iwe 70 na kitu na itulie hapo. Ikipanda ukiwa unakimbia na kushuka ukipunguza, anza na impela ya pampu ya maji, zile pembe za raba zikikaa kavu bandani zinakauka na kukatika, na vipande vinaenda kuziba mbele. Impela badilisha hata akikuapia kwamba ni mpya.

Kuna gilandi, kile kizuia maji pale shafti inapotokea nje, ikidondosha tone moja moja ukiwa unakimbia usipige kelele, ndiyo inavyopozwa. Ikimwaga mfululizo ndiyo shida. Watu wageni na boti wanaikaza mpaka shafti inaungua.

Mafuta: ukiwa unavuta mtu skii hesabu lita 15 mpaka 25 kwa saa, ukikanyaga mwisho inapita 60. Mashine ya nje ya nguvu farasi 40 ukiifungulia yote inakula kama 20. Piga hesabu yako mwenyewe na bei ya Kyela.

Mwana_Uyole:

Daah fundi umenifungua macho, hilo la alteneta sikuwahi hata kulifikiria. Mnyalukolo asante sana, jamaa anasema ilitoka Afrika Kusini. Swali la kijinga, hiyo fiba yenyewe nitajuaje kama ni nzima? Mana kwa macho inang'aa.

Mnyalukolo:

Gonga. Chukua nyundo ndogo ya plastiki au hata mpini wa bisibisi, pita nayo chini yote na nyuma, fiba nzima inalia kavu, palipooza panatoa sauti ya kubweteka. Tembea peku kwenye sakafu, pakibonyea chini ya kisigino sponji na mbao za chini zimekunywa maji.

Lakini ambapo watu hawaangalii ni kwenye bolti zinazoshika injini. Boti nyingi za miaka hiyo zina mihimili ya mbao ndani ya fiba, injini imekaa juu yake. Chukua spana, kaza kila bolti kidogo tu. Ikishika na kugoma, mbao ni nzima. Ikizunguka tu bila mwisho, mbao imeoza na hiyo kazi ni kung'oa injini na kupasua sakafu, kwa hapa kwetu sijui utampa nani. Mwambie mwenye boti kabla hujaanza kukaza asije kukwambia umeharibu wewe.

BintiMatema:

Kaka zangu mmeongea injini vizuri sana ila hakuna aliyeuliza hiyo boti itakaa wapi na itatembea kwenye maji gani. Mimi nafanya kazi na wageni hapa Matema, nimezaliwa Lyulilo, ziwa hili ndio uwanja wetu.

Boti ya skii imetengenezwa kwa maji yaliyolala. Chini ni bapa na kingo ziko chini makusudi, ili isiache wimbi kubwa nyuma la kumwangusha anayevutwa. Sasa Nyasa asubuhi linalala kabisa, kioo, unaona mpaka mchanga. Kuanzia mchana hasa mwezi wa tano mpaka wa nane upepo wa kusini ukiamka, ule ambao wenzetu wa Malawi wanauita Mwera, umesafiri juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 bila kuzuiwa na kitu, na mwisho wa safari yake ni sisi huku kaskazini. Mawimbi yanapanda, boti bapa inapigwa chini mpaka meno yanagongana, na likiingia wimbi moja kwa mbele kwenye kiboti cha kingo fupi, watu wanne wameloa na injini iko chini ya maji.

Na hiyo ya Ikombe kaka naomba uisahau na hii boti. Ule upande ni milima ya Livingstone inazama moja kwa moja ziwani, ufukwe hakuna isipokuwa vipande vipande, na kina kinaanza hapo hapo ukingoni. Injini ikizima huko ukatupa nanga, kamba inaisha nanga haijagusa kitu. Ziwa lenyewe panapozidi linafika mita 700. Upepo ukikusukuma ni kwenye mawe. Wavuvi wetu wana makasia hata wakiwa na mashine, wewe na V8 unapiga kasia gani?

Halafu pa kuiweka. Ufukwe wetu ni mchanga unaolala taratibu, mitumbwi tunavuta juu. Yako ina propela na mapezi chini ya tumbo, huwezi kuipandisha mchangani, itabidi ielee kwenye boya usiku kucha, na upepo ukija usiku ndo hivyo, au uwe unaitoa kwa trela kila siku ukizama na gari kwenye mchanga. Nimeona gari la mtu limezama hapo hadi mlango, wanakijiji walichangamkia kuvuta na kudai hela.

Kwa wageni nunua boti ya fiba ya kingo ndefu yenye mashine ya nje, 40 au mbili za 40, unanyanyua unaingia mchangani, na kila fundi kuanzia Itungi mpaka Mbamba Bay anaijua. Skii wanaiomba wageni wachache sana, wengi wanataka kuogelea, Ikombe, na picha.

mzee_wa_Tukuyu:

Binti amesema kweli lakini msimkatishe tamaa kijana kupita kiasi. Matema kuanzia alfajiri mpaka saa nne ni maji ya skii hasa, na kuna siku ziwa linakaa kimya kutwa nzima. Kama ni ya familia, wanaamka, wanavutwa, saa nne boti iko juu ya trela, wanakula samaki. Si kila kitu lazima kiingize hela. Mtu akinunua gari la starehe hamumuulizi linalipa shilingi ngapi.

Ila kijana, jifunze kwanza kuvuta. Anayejifunza anavutwa kwenye kilomita 30 mpaka 40 kwa saa, siyo zaidi, hao wa mashindano ya slalomu wanaume ndio wanafika 58. Kamba ya kawaida ni mita 23. Na ndani ya boti lazima muwe wawili, dereva anatazama mbele, mwingine anamtazama anayevutwa. Mtu akianguka unamzungukia upande wako wa dereva unamwona, ukimkaribia zima injini kabisa, siyo kuweka neutro, ZIMA. Propela haijui mtoto wa nani.

Na mbali na midomo ya mito, kina Lufilyo na Mbaka, maji machafu na mamba. Kichocho nacho kipo ziwani humu, mkishaogelea msimu mzima mwende zahanati wawape dozi, vidonge tu.

kijiwe_Mwanjelwa:

Mamba, kichocho, bomu, nanga haifiki chini. Nawaambia kiwanja hakina hivi vitu.

Karani_Forest:

Utani pembeni, mmesahau makaratasi. Boti siyo jembe, inasajiliwa na kukaguliwa na TASAC, ambao walichukua majukumu ya SUMATRA upande wa maji. Muulize muuzaji cheti cha usajili na cha ukaguzi, jina lililo pale ndilo linalotakiwa kusaini mkataba, siyo shemeji yake. Mwombe na nyaraka za TRA za siku ilipoingia nchini, kwa boti na kwa trela tofauti, mana trela lina chesisi yake na utakutana na trafiki kuanzia Ipogolo mpaka Uyole, na hilo swali wataliuliza. Kama imekaa bandani muda mrefu usajili unaweza kuwa umelala, malimbikizo yawe ya kwake na yaandikwe kwenye mkataba kwa wakili. Ukianza kubeba wageni kwa hela ni leseni nyingine na masharti mengine, jaketi okozi kwa kila kichwa pamoja na saizi za watoto, mtungi wa kuzimia moto, na wanakagua kweli. Usianze kubeba ukisema utafuatilia baadaye.

Mwana_Uyole:

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilimwambia jamaa bila kwenda majini hakuna biashara, akanung'unika ila akakubali, tukafunga trela kwenye Land Cruiser yangu tukashuka nalo Mtera kwa ile njia ya Nyang'oro. Bado hatujafika hata chini ya mlima gurudumu la kushoto la trela likaanza kutoa moshi, bearing imekufa, grisi imegeuka unga. Breki za trela hazipo kabisa, waya umekatwa. Na mzigo wote na trela unakaribia tani mbili, fikirieni hiyo kitu ingenikuta mteremko wa Uyole kwenda Tukuyu na malori yale.

Majini sasa. Iliingia majini vizuri, haivuji, kompresheni safi mitungi yote, fundi wangu alipima. Alteneta ni yenyewe ya boti, feni inafanya kazi. Oili zote safi. Ila ikifika mizunguko 3,700 haipandi tena na boti yote inatetemeka, vikombe vinacheza. Tukaitoa, nikalala chini kama nilivyoambiwa, panga moja la propela limekunjwa ncha na limechongwa, waya nikaweka kwenye shafti, inaonekana nzima, mkono hauna ufa. Bolti za injini tatu zinashika vizuri, ya nne ya nyuma kushoto inazunguka nusu hivi halafu inashika. Hiyo ndiyo inanikosesha usingizi.

Jamaa sasa ameshuka mpaka 17. Wife amesema kama ni ya familia tu na siyo ya Ikombe yeye yupo, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakuwa anaendesha.

fundi_wa_Itungi:

3,700 na kutetemeka kwa propela iliyokunjwa inaingia akilini, usimlaumu V8. Mwambie aifungue propela aipeleke kunyooshwa kwa gharama yake mrudi majini, ikifika 4,300 bila kutetemeka basi shafti kweli ni nzima. Isipofika usilipe. Bolti inayozunguka nusu kisha ikashika siyo kuoza moja kwa moja, inaweza kuwa imelegea tu kwa mtetemo huo huo, chomoa ile bolti yote uangalie kinachotoka nayo. Unga mkavu wa rangi ya mbao, sawa. Ikitoka imelowa na uchafu mweusi unaonuka, kuna maji ndani ya muhimili.

Trela ni la kwako sasa hivi kulitatua, bearing mpya magurudumu yote, siyo hilo moja, na breki zirudi kabla halijapita Makambako.

Mnyalukolo:

Na 17 bado nyingi kwa trela lisilo na breki. Mwambie 15 na propela juu yake. Akikataa mpe wiki mbili, Iringa hii nani mwingine anataka boti?

BintiMatema:

Mwambie shemeji akija anitafute, tunamfundisha kusoma upepo kabla ya kushika stelingi. Na kile kizibo cha kutolea maji nyuma chini, mnunue viwili, kimoja kikae kwenye funguo. Boti haishuki kwenye maji mpaka aliyeshika funguo aseme kipo.

Mwana_Uyole:

Bolti imetoka kavu. Nimempigia nimemwambia 15, amesema nimpigie Jumatatu.